Kabla Mzigo Haujatoka Stoo

Wanangu mnaofungua biashara, oda inayowaua wengi wenu ni ile kubwa ya kwanza. Mnasajili kampuni BRELA, mnapata namba ya mlipakodi, mnachonga muhuri, mnakaa miezi mkiuza kidogo kidogo kwa fedha taslimu. Kisha siku moja anatokea mkandarasi, kofia ya saiti mkononi, anataka nondo tani kadhaa, saruji mifuko mia tano na pampu mbili za maji. Anasema maneno ambayo sisi tuliozeekea kwenye vifaa vya ujenzi pale Gerezani, Dar es Salaam, tumeyasikia kwa sauti za kila namna: "Nipe siku thelathini, mzee. Pesa ipo, inasubiri saini tu." Mnafurahi, mnapiga simu nyumbani kutoa habari. Mzigo unatoka siku hiyohiyo, na karatasi pekee inayobaki dukani ni nakala ya ankara.

Sitawaambia msikopeshe. Kariakoo nzima inaishi kwa mali kauli, na muuza jumla asiyekopesha atakaa na stoo iliyojaa huku wenzake wanauza. Ninachowaonya ni kutoa mzigo kwanza na kuzungumza masharti baadaye. Siku ambayo nguvu iko kwako ni ile ambayo mteja bado anautaka mzigo na mzigo bado uko kwako. Ukishapakiwa na lori likaondoka, wewe ndiye unayeomba.

Chukueni kalamu tuhesabu, maana naona vijana wengi hawajui deni moja lina uzito gani. Tuseme umesajiliwa kwa VAT na umeuza mzigo wa shilingi milioni 20. Ukiongeza kodi ya asilimia 18, ankara inasoma milioni 23.6. Mzigo huo wewe uliununua kwa milioni 18.4, na juu yake ukamlipa aliyekuuzia VAT ya 3,312,000. Ikifika tarehe 20 ya mwezi unaofuata unapeleka ritani TRA pamoja na tofauti ya VAT, 288,000, kwa sababu kodi hiyo haingoji mteja akulipe. Jumla iliyotoka mfukoni mwako ni milioni 22 kamili, na faida uliyoitegemea ni milioni 1.6. Mteja huyo asipolipa, unahitaji karibu oda 14 za ukubwa uleule, zote zilipwe vizuri, ili urudi pale ulipokuwa kabla hujamjua. Hapo sijagusa mafuta ya lori, posho ya utingo wala pango la duka.

Sasa niwaeleze kwa nini hamlipwi, maana bila kulijua hili vifungu vyote nitakavyowatajia vitakuwa mapambo. Wadaiwa wengi si wezi. Mdaiwa wako ana fedha, ila haziwatoshi wote wanaomdai, kwa hiyo anawapanga foleni. Mbele anaweka benki iliyoshika hati ya nyumba yake. Anafuata fundi anayeweza kugoma, kisha mwenye pango anayeweza kufunga mlango. Nyuma kabisa anamweka muungwana: yule anayepiga simu kwa adabu, anayeuliza kwanza hali ya watoto, akiambiwa "wiki ijayo, kaka" anaitikia "haya, hakuna neno." Sisi watu wa pwani tumelelewa kuona muhali. Ni malezi mema na sipendi kuona mnayaacha. Lakini muhali huo ndio unaowaweka mwisho wa foleni, na sijapata kuona dawa yake nyingine isipokuwa masharti yaliyoandikwa mapema. Kifungu kinakataa kwa niaba yako. Siku ya kuzuia mzigo hulazimiki kutafuta ujasiri wala maneno makali. Unamsomea alichokisaini mwenyewe wakati nyote mlikuwa mnacheka.

Najua kuna wanaoona kuandikishana ni kukosa imani. Waislamu wenzangu wanaosema hivyo nawarudisha kwenye Suratul Baqara, aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Haizungumzii swala wala funga, inazungumzia deni. Inaamrisha liandikwe, dogo kwa kubwa, na muda wake, mbele ya mwandishi na mashahidi. Inayofuata inataja rehani kwa aliye safarini asiyepata mwandishi. Wazee wetu wengine, Waislamu na Wakristo, walikuwa na kauli yao fupi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo mteja akikuuliza, "Kwani huniamini?", mjibu kwa upole kwamba unamwamini, na ndiyo maana mnaandikiana mngali marafiki.

Sheria yenyewe haikudai karatasi kwa kila kitu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo mizizi yake iko kwenye sheria ya India ya 1872, inautambua mkataba wa mdomo. Tatizo la mdomo ni ushahidi. Hata ujumbe wa simu unaweza kupokewa mahakamani, hasa tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kwa hiyo msifute mazungumzo ya oda kwenye simu zenu. Ila ujumbe wa simu kwa kawaida unaonyesha kwamba mzigo uliagizwa, basi. Haukuonyeshi ukicheleweshewa utafanya nini, nani anadhamini, wala mali ni ya nani kabla ya malipo.

Na hapa wengi wanajikwaa: wanayaandika masharti nyuma ya ankara, kwa herufi ndogo, ankara inayofika na mzigo au baada ya mzigo. Masharti yaliyokuja baada ya makubaliano hayamfungi mtu. Yanatakiwa yawe mbele ya mteja kabla hajakubali. Kwa hiyo weka masharti yako kwenye profoma, na kwa mteja wa mkopo tengeneza fomu ya kurasa mbili anayoijaza na kuisaini kabla ya oda ya kwanza, ikisema wazi kwamba itatawala kila oda itakayofuata. Mlipeni wakili mara moja awaandalie fomu hiyo. Iandikwe kwa Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara, na mteja wako hataweza kusema hakuelewa. Lipeni na ushuru wa stempu ndani ya siku 30 tangu kusaini, kwa sababu hati inayopaswa kulipiwa stempu ikifika mahakamani bila stempu haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake. Kama duka liko Zanzibar, muulizeni wakili wa hukohuko. Visiwani wana sheria zao za mikataba.

Kwenye fomu hiyo jina la mteja liandikwe kama lilivyo BRELA. Ubao wa dukani unaweza kusoma hivi na kampuni ikaitwa vingine kabisa, nawe ukajikuta unamshitaki mtu asiyekuwepo kisheria. Fanya upekuzi, ona wakurugenzi ni akina nani, hakikisha anayesaini ni mmoja wao au ana barua yao.

Kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni cha kubakiza umiliki. Watu wengi wanadhani kitu kisicholipiwa bado ni cha muuzaji. Sivyo. Chini ya Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mkiuziana kitu mahususi bila sharti lolote, umiliki unahamia kwa mnunuzi mara mnapokubaliana, hata kama malipo yamesogezwa mbele. Pampu ikiwa kwenye stoo ya mkandarasi na benki yake ikaja kukamata mali, pampu inaondoka na vitu vyake, na wewe unabaki na ankara. Sheria hiyohiyo lakini inakuruhusu kusema vingine. Kifungu chenyewe hakihitaji maneno ya kutisha:

"Mali zilizotajwa katika ankara zitabaki kuwa za Muuzaji mpaka Mnunuzi atakapolipa bei yote. Hadi siku hiyo Mnunuzi atazitunza kando na mali nyingine, hatafuta alama wala namba zake, na Muuzaji au wakala wake ataruhusiwa kuingia zilipo na kuzichukua endapo malipo yatachelewa."

Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikishughulikia kifungu cha namna hii. Kampuni ya Uholanzi ilikuwa imeiuzia kampuni ya Uingereza iitwayo Romalpa karatasi nyembamba za alumini, na Romalpa ikaanguka kabla ya kulipa. Wadai wengine walikuwa wanangoja mgawo. Waholanzi, kwa sababu mkataba wao ulisema alumini ni yao hadi ilipwe, walirudishiwa ile iliyokuwa haijatumika, na hata fedha zilizotokana na ile iliyokwishauzwa. Uamuzi wa kule haufungi mahakama zetu, ingawa Sheria yetu ya Mauzo ilichotwa kwao, kwenye sheria yao ya 1893. Jirani zetu wa Kenya tangu 2017 wana sheria ya dhamana za mali zinazohamishika pamoja na rejesta yake, kwa hiyo anayeuza kwa mkopo kule amuulize wakili habari ya kuandikisha haki yake, asiridhike na kifungu peke yake.

Lakini mjue mipaka yake, msije mkalala usingizi juu yake. Kifungu hiki kinafaa kwa jenereta, pampu, tangi la maji, mlango, mashine ya kukatia vigae: kitu chenye namba, kinachobebeka. Andika namba ya kiwandani kwenye ankara, moja moja. Kwa nondo na saruji kina nguvu mpaka zege limwagwe. Nondo ikishafungwa kwenye nguzo na kumiminiwa zege imekuwa jengo, na jengo ni la mwenye kiwanja; hakuna kifungu kitakachokuruhusu kuvunja nguzo. Vivyo hivyo, ukimuuzia mwenye duka naye akamuuzia mtu mwenye nia njema asiyejua habari yenu, huyo mnunuzi wa mwisho sheria inamlinda. Na hata pale kifungu kinapokupa ruhusa ya kuchukua, msiende kwa ubabe usiku na vijana wa mtaani. Nendeni mchana, na barua, na mjumbe wa serikali ya mtaa awepo. Mkizuiwa getini, rudini mwende mahakamani. Ukianza wewe kuvunja geti, kesho mdaiwa ndiye atakuwa mlalamikaji.

Kwa vitu vinavyoyeyuka ndani ya jengo dawa ni nyingine: fedha za mwanzo. Usitoe nondo bila nusu ya bei mkononi, na gawa oda vipande, kila kipande kitoke baada ya kile kilichotangulia kulipwa. Weka kikomo cha mkopo kwa tarakimu, na uandike kwamba kikifikiwa, au ankara moja ikipitisha siku yake, mzigo unasimama bila majadiliano. Sio ukatili. Masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC ya 1999, kitabu chekundu wanachokijua wakandarasi wetu wote, yanampa mkandarasi mwenyewe haki ya kusimamisha au kupunguza kasi ya kazi kwa notisi isiyopungua siku 21 asipolipwa. Anayejilindia haki hiyo juu yako hawezi kukununia ukiiandika juu yake.

Kitabu hichohicho kina jambo lingine la kuwafaa. Humo mwenye mradi anapewa siku 56, tangu mhandisi anapopokea hesabu na nyaraka zake, kumlipa mkandarasi malipo ya awamu. Sasa mkandarasi anayelipwa kwa masharti hayo anakuahidi wewe siku 30. Atazitoa wapi? Muulize kabla ya kusaini: wewe unalipwa lini, na nani, kwa cheti kipi? Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama siku 30 ni za kweli. Kisha weka kifungu kwamba malipo yako hayategemei yeye kulipwa na mtu mwingine yeyote. Nimewaona wenzangu wakikaa mwaka mzima kwenye benchi la ofisi ya mkandarasi wakiambiwa "na sisi hatujalipwa," na karatasi zao hazikuwa na neno moja la kujibu.

Twende saiti sasa, maana deni hufa getini kabla halijafa mahakamani. Lori linafika saa kumi na moja jioni. Fomeni ameondoka, mtunza stoo amekwenda kwa mama ntilie, na anayeshika kalamu ni kijana aliyekuwa karibu. Anaweka saini isiyosomeka. Hakuna jina, hakuna cheo, hakuna muhuri. Kwenye karatasi kumeandikwa "nondo mm 12, tani 3." Miezi sita baadaye nimeiona karatasi ya namna hiyo ikiinuliwa mahakamani na wakili wa mdaiwa, akauliza maswali mawili tu: huyu aliyesaini ni nani, na nani alizipima tani hizo? Muuzaji alikuwa na haki yake na mzigo ulifika kweli. Hakuwa na la kusema.

Kwa hiyo mkataba utaje kwa majina watu wanaoruhusiwa kupokea, pamoja na mfano wa saini zao na namba za simu, na useme kwamba dereva hatashusha kama hakuna hata mmoja wao. Nondo ziandikwe kwa vipande na kwa kilo. Ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, ndiyo kusema tani ni karibu vipande 94. Mpokeaji ahesabu vipande, aandike idadi kwa maneno, aweke jina lake kwa herufi kubwa, saini, tarehe na saa. Utingo apige picha. Halafu kuwe na kifungu kifupi: dosari yoyote ya idadi au ubora inayoweza kuonekana iletwe kwa maandishi ndani ya siku saba, vinginevyo mzigo umekubaliwa. Wadaiwa wachache husema hawakuchukua. Wengi husema mzigo ulikuwa mbovu, na huwa wanaugundua ubovu huo siku ile barua ya madai inapowafikia.

Mdhamini. Mwaka 1897 Baraza la Mabwana la Uingereza liliamua katika shauri la Salomon, mtengeneza viatu wa London, kwamba kampuni ni mtu mwingine mbali na mwenye kampuni, hata kama hisa karibu zote ni zake. Msingi huo ndio tulio nao hadi leo Afrika Mashariki. Maana yake kwako ni kwamba mkurugenzi anaweza kuendesha gari zuri, kuishi nyumba ya ghorofa, na kampuni inayokuomba muda ikawa haina chochote ila meza na kompyuta. Deni ni la kampuni. Ukitaka na yeye awajibike, asaini dhamana binafsi, kwa karatasi yake, jina lake, kiasi kikiwa kimetajwa. Akisaini, kwa kawaida unaweza kumdai yeye kama unavyoidai kampuni. Akikataa, amekujulisha jambo kubwa kuhusu anavyoiamini kampuni yake, na umelijua bure. Kama anaweka nyumba ya familia rehani, ridhaa ya mwenzi wake ni lazima. Sheria ya Ndoa ya 1971 haichezewi hapo, na mama wa watu asitolewe nyumbani kwake kwa saini asiyoijua. Nanyi wenyewe, kabla hamjasaini kumdhamini rafiki, someni aya hii tena mkiwa upande wa pili.

Kuhusu faini za kuchelewa nitasema kidogo. Wengine huandika asilimia kumi kwa wiki wakidhani inatisha. Sheria ya Mikataba inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya haki isiyozidi kile kilichotajwa, haimpi kila alichokiandika, kwa hiyo tarakimu ya kutisha itapunguzwa. Na wale ambao dini yetu inatukataza riba tuna njia safi: pandisha bei kidogo tangu mwanzo, kisha mpe punguzo anayelipa mapema. Kama unalipwa kwa awamu, muhimu kuliko faini ni kifungu kwamba awamu moja ikikosekana deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Usipokiandika hicho utakimbizana na kila awamu kwa siku yake.

Mteja akitoa hundi ya tarehe za mbele au hati ya ahadi ya kulipa, ipokee na uitunze vizuri. Mbali na kuthibitisha deni, inakufungulia utaratibu wa muhtasari chini ya Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, ambako mdaiwa hajitetei mpaka kwanza aombe ruhusa ya mahakama na kuonyesha ana hoja. Hiyo inaokoa muda mwingi.

Serikali ikiwa mteja wako, hesabu tofauti. Huwezi kuishitaki bila notisi ya siku 90, na ukishinda huwezi kumtuma dalali wa mahakama akakamate mali zake. Utangoja ilipwe kwa taratibu zao. Vifungu vingi nilivyovitaja havina meno hapo. Kwa hiyo usichukue zabuni ya serikali kwa mtaji wa kukopa ambao hauwezi kukaa nje muda mrefu, na hakikisha oda ya ununuzi imetoka na kusainiwa kabla hata ya kufungua mlango wa stoo. Simu ya ofisa haitoshi, hata akiwa mjomba wako.

Muda nao unakimbia. Dai la mkataba Tanzania Bara lina miaka sita, na Kenya pia sita. Mnaona ni mingi, lakini undugu huimaliza: mwaka wa kwanza mnasubiriana, wa pili ana msiba, wa tatu kahamia mkoa mwingine. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na saini kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana kila baada ya miezi mitatu peleka taarifa ya salio kwa kila anayedaiwa, naye asaini kwamba ni sahihi. Wengi husaini bila shida wakiwa bado wanataka mzigo mwingine.

Limebaki moja, na nalisema nikiwa na uchungu, maana sitaki mkawe watu wakavu. Kuna mdaiwa aliyeshindwa kweli. Stoo yake imeungua, au mwenye mradi amekimbia, au ni mgonjwa. Aya ya 280 ya Suratul Baqara ileile inatutaka tumpe nafasi aliye katika dhiki mpaka apate wepesi, na mimi nawasihi mmpe, kwa moyo wote, na asinyanyaswe mbele ya wanawe. Ila nafasi hiyo nayo iandikwe: deni ni kiasi gani, tarehe mpya ni zipi, masharti mengine yote yanabaki. Na kabla ya kuisaini, mwiteni mdhamini naye asaini kwamba ameridhia. Sheria inasema ukimwongezea mdaiwa muda kwa makubaliano ambayo mdhamini hakuyakubali, mdhamini amefunguka. Watu wema wengi wamempoteza mdhamini siku ileile waliyofanya wema. Karatasi iwe na saini tatu, ya mdai, ya mdaiwa na ya mdhamini, na nakala moja ibaki kwenye faili la fomu ile ya kwanza.